Daktari Amekwambia Utembee? Tafuta Pa Kwenda

Ikiwa umewahi kutoka katika chumba cha daktari ukiwa na karatasi iliyoandikwa dawa tatu, kisha ukasikia sauti nyuma yako ikisema, "Na uwe ukitembea kidogo kila siku," bila shaka unajua ni lipi kati ya hayo manne ulilolisahau kwanza. Dawa ulinunua. Kutembea ulikuahirisha hadi Jumatatu, na Jumatatu ikanyesha.

Si ajabu. Dawa huja na maelezo yake: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Kutembea huachwa hewani. Utembee wapi? Na nani? Ukifika huko ufanye nini? Mtu mzima aliyezoea kutoka nyumbani akiwa na shughuli hawezi kuamka tu, akaenda, akageuka, akarudi, kama askari wa zamu. Atafanya hivyo siku nne. Siku ya tano atajiona mjinga.

Wale wanaodumu katika matembezi, kwa jinsi nilivyowaona mimi, hawana nidhamu kukushinda wewe. Ni watu waliojipatia pa kwenda na cha kutazama. Ndiyo sababu leo nitakupeleka Nyeri, mji ambao mtu anaweza kuumaliza kwa miguu yake mwenyewe, na nitakupeleka mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zinapoanza kubisha hodi.

HESABU KWANZA

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Gawanya kwa siku tano na utaona kuwa kiwango cha chini ni nusu saa tu kwa siku. Mwongozo wa zamani ulisema kila kipindi kisipungue dakika 10. Sharti hilo limeondolewa, kwa hiyo hata dakika tano za kwenda dukani kununua maziwa zinahesabiwa.

Kipimo cha mwendo wa wastani hakihitaji mashine. Ukiwa unatembea na mwenzako na mnaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba, basi mwendo wako ni huo. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa hata kuitikia salamu, punguza.

Ushahidi wa mambo haya si wa jana. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva alishinda ameketi. Kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Ikaonekana kwamba madereva walishikwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliofanya kazi katika basi lilo hilo. (Makanga wetu wanaoning'inia mlangoni hawakuwa katika uchunguzi huo, wala sikushauri uwaige.)

Huenda pia umesikia kwamba ni lazima mtu atembee hatua 10,000 kwa siku, ukakata tamaa kabla ya kuanza. Hiyo haikutoka hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wakati kampuni moja ilipotoa kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kuuzia bidhaa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kina mama zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika miaka iliyofuata, pungufu kwa asilimia 41, wakilinganishwa na wale wa hatua 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Ni kweli kwamba mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa, na uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kuondoa shaka yote. Hata hivyo, pengo lenyewe si la kupuuzwa.

Kwa mwenye kisukari jambo ni wazi zaidi. Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka katika damu hata pale insulini ya mwili inapokuwa dhaifu. Ndiyo maana kutembea dakika 10 au 15 baada ya mlo, hasa ule wa jioni wenye ugali mkubwa, husaidia kuizuia sukari isipande kwa kasi. Wala usidhani kwamba ukianza kutembea basi dawa utupe. Anayepunguza dawa ni daktari wako, baada ya kupima.

MWALIMU, UMEPOTEZA NINI?

Humu nchini tuna kikwazo kimoja ambacho vitabu vya madaktari havikitaji, nacho ni aibu. Mtu akinunua gari, miguu hugeuka kuwa ishara ya ufukara. Ukionekana kando ya barabara, jirani atapunguza mwendo na kukuuliza gari limepatwa na nini. Ukimjibu kwamba unatembea tu, atakutazama kama mtu aliyepata habari mbaya nyumbani.

Namjua mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anayeishi viungani mwa mji wa Nyeri. Alipoambiwa ana kisukari alianza kuzunguka uwanja wa shule iliyo karibu na kwake, jioni kwa jioni. Watoto walimtazama siku mbili tatu. Kisha mmoja akamjia kwa adabu na kumwuliza, "Mwalimu, umepoteza nini tukusaidie kutafuta?" Mzee akarudi nyumbani. Hakutoka tena karibu mwaka mzima.

Katika mwaka huo alivaa kiatu kilichokuwa na kijiwe ndani na hakukihisi, kwa maana kisukari kilikuwa kimekwisha kuzifisha neva za nyayo zake. Kidonda kikaanza. Alikwenda kufungwa bandeji kwa wiki nyingi, na mwishowe kidole kimoja cha mguu kikakatwa. Mkewe aliniambia kwamba kilichomwumiza mzee si kisu, ila kule kuambiwa kwamba mguu wote ungeweza kufuata.

Kilichomrudisha barabarani ni mjukuu wake, aliyekuwa amejiunga na skauti shuleni. Mtoto alitaka kuliona kaburi la mwanzilishi wa skauti, lililo papo hapo mjini. Kidonda kilipokuwa kimepona na daktari kumruhusu, mzee akampeleka. Wiki iliyofuata mtoto akasema, "Guka, tunaenda tena lini?" Wakaenda tena, wakapitia njia nyingine. Siku hizi mzee hutoka mara nne au tano kwa wiki, na hakuna anayemwuliza amepoteza nini, kwa sababu ana pa kwenda.

NYERI KWA MIGUU

Neno vuli lina maana mbili, na wengi huzichanganya. Kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Lakini wanaotafsiri vitabu vya Wazungu wameliazima kuyataja majira ambayo majani hugeuka manjano na mekundu na kupukutika huko Ulaya na Marekani. Miti ya kule hujitayarisha kwa baridi kwa kuiacha ile rangi ya kijani ivunjike, na rangi ya manjano iliyokuwa imejificha chini yake ikaonekana. Mchana nao hufupika kwa kasi. Ikiwa una ndugu aliyehamia huko na kila Novemba anakupigia simu akilalamika kwamba amechoka, analala kupita kiasi na hana hamu ya lolote, usimcheke. Tangu mwaka 1984 madaktari wanayo istilahi ya huzuni hiyo inayofuata majira. Mwambie atoke nje mchana, saa ambazo kuna mwangaza, na ikizidi amwone daktari.

Sisi tulio karibu na ikweta hatuna kisingizio cha giza. Nyeri, mchana wa Oktoba haupishani sana na ule wa Juni. Kisingizio chetu ni mvua, nayo katika nyanda za juu aghalabu hungoja alasiri. Asubuhi ni yako. Vumbi la Septemba limekwisha kuoshwa, udongo unanukia, na mijakaranda imemwaga maua yake ya zambarau njiani hata unaona haya kuyakanyaga. Kupukutika kwetu ni huko, kwa maua badala ya majani.

Anzia katikati ya mji na uelekee makaburi ya kanisa la St Peter's. Hapo amelala Robert Baden-Powell, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, na majivu ya mkewe Olave yaliletwa kuzikwa naye baada ya kifo chake mwaka 1977. Tazama jiwe la kaburi. Limechorwa duara lenye nukta katikati. Katika alama ambazo maskauti huachiana njiani, hiyo huwaambia wanaokufuata kwamba umekwenda nyumbani. Mtu aliyewafunza vijana kutembea aliwekewa alama ya njia badala ya sifa ndefu, na mimi naona alitendewa haki.

Katika makaburi hayo hayo yumo Jim Corbett, mwindaji wa simbamarara wala-watu wa India, aliyehamia Kenya mwaka 1947 na kufariki 1955. Vitabu vyake ni vya mtu aliyewafuata wanyama kwa miguu, siku nyingi, akisoma nyayo. Ukiupata Man-Eaters of Kumaon cha mwaka 1944 katika vibanda vya vitabu vya mitumba, usikiache.

Kutoka hapo, mwendo usio mrefu utakufikisha hoteli ya Outspan. Ndani ya uwanja wake kuna Paxtu, nyumba ndogo aliyojengewa Baden-Powell, ambayo baadaye Corbett na dada yake waliishi. Lakini mimi nisingekupeleka huko kwa sababu ya Wazungu wawili. Tarehe 8 Oktoba 2004 Wangari Maathai alikuwa safarini kuelekea kwao Ihithe, kaunti hiyo hiyo ya Nyeri, simu ilipoingia kumwambia kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Amani. Alisimama Outspan, akachimba shimo, akapanda mti wa Nandi flame, Mlima Kenya ukiwa mbele yake. Mtu mwingine angeagiza soda.

Kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, ndicho ninachokipendekeza kabla ya safari hii. Soma sehemu ya utoto wake, anapoeleza kuhusu mugumo uliokuwa karibu na kwao, ambao mama yake alimkataza kuuokota kuni, na kijito kilichotoka karibu na mti huo. Alipokuja kurudi akiwa mtu mzima alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Ukishasoma hayo, kila bonde utakaloliona Nyeri litakuwa na la kukuambia, na nusu saa ya daktari itapita bila wewe kutazama saa.

Na kuna kaburi ambalo hutalikuta. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na msitu wa Nyandarua, upande wa Nyeri, alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, baada ya kupigwa risasi. Alihukumiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa gerezani. Jamaa zake waliudai mwili kwa miongo mingi. Huwezi kutembea Nyeri ukaishia katika makaburi ya St Peter's pekee bila kuona kasoro hiyo: mgeni ana jiwe linalotembelewa na watu wa dunia nzima, mwenyeji hana hata fungu la udongo. Soma tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyotoka mwaka 1976, ambayo kwa Kiswahili huitwa Mzalendo Kimathi, kisha uizunguke tena Nyeri. Hutaiona kama ulivyoiona mara ya kwanza.

Tahadhari moja kwa anayetoka Mombasa au Kisumu: mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na una miinuko. Siku ya kwanza utahema kidogo. Nenda polepole. Lakini maumivu ya kifua yanayokuja unapopanda kilima na kutoweka ukisimama si ya kuzoewa, hata kama ni kidogo. Ni moyo unaolilia damu. Simama, rudi, umwone daktari kabla ya kutembea tena. Na ikiwa maumivu hayaondoki kwa kupumzika, au yanashuka mkononi au kupanda tayani, nenda hospitali dakika hiyo hiyo. Shavu la mguu likikuuma kila unapofika umbali fulani na kutulia ukipumzika, hiyo pia mwambie daktari, kwa maana huenda mishipa ya damu miguuni imeziba.

BARABARA NA VIATU

Sitaki kukudanganya kwamba kutembea Kenya ni salama. Takwimu za NTSA huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watembea kwa miguu ndio wanaouawa kwa wingi zaidi katika barabara zetu. Njia zao zimegeuzwa maegesho, vibanda na vichochoro vya bodaboda. Ken Walibora, aliyetuandikia Siku Njema mwaka 1996 na kumtembeza Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta babake, aligongwa na matatu akiwa kwa miguu katika barabara ya Landhies, Nairobi, Aprili 2020, akafariki. Riwaya hiyo naipendekeza kwa yeyote. Kila ninapoiona rafuni hukumbuka barabara hiyo.

Kwa hiyo, pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ambako magari yanakujia usoni. Vaa rangi inayoonekana, hasa siku za mawingu. Visikizi vya masikioni uviache nyumbani. Kando ya barabara masikio ni macho ya nyuma. Usivuke mtaro uliojaa maji yanayokwenda kasi, hata kama jana uliuruka. Radi ikianza, usijikinge chini ya mti, ingia katika jengo.

Viatu si lazima viwe vya bei. Raba nzuri ya mitumba inatosha, mradi isibane vidole na soli yake iwe haijalala. Kinunue jioni, maana mguu huwa umevimba kidogo wakati huo. Mwenye kisukari ana masharti zaidi, na hapa nakuomba usome kama unayesomewa hati ya shamba. Kabla ya kuvaa, tia mkono ndani ya kiatu upapase hadi kwenye ncha. Vaa soksi kavu zisizobana. Usitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Ukirudi, kagua nyayo na katikati ya vidole, ukitumia kioo au macho ya mtu wa nyumbani ikiwa huwezi kuinama. Lengelenge, wekundu au mkwaruzo usioumwa ndio wa kuogopwa zaidi, upeleke kliniki siku hiyo hiyo. Mwenye kidonda wazi asianze matembezi hadi aruhusiwe. Ikiwa unadungwa insulini au unameza vidonge vinavyoshusha sukari, beba glukosi au peremende za sukari mfukoni. Ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho la baridi au kuchanganyikiwa, kaa chini uzile papo hapo.

Na si lazima iwe Nyeri. Mkazi wa Nairobi ana Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, na msitu wa Karura, ambao bado upo kwa sababu Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 wakiutetea usigawiwe watu. Mkazi wa Mombasa ana Mji wa Kale, ambako vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba gari halikusumbui, na Fort Jesus mwishoni mwake. Mtu wa Eldoret au Machakos aulize wazee ni nini kilitokea wapi. Hakuna mji usio na nyumba yenye kisa.

Lakini ukiweza, panda matatu ya Nyeri Ijumaa jioni, ni kilomita kama 150 tu kutoka Nairobi. Lala mapema. Uwe nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukitazama mashariki, kwa sababu ifikapo saa tatu au nne mawingu huwa yamekwisha kuufunika mlima. Na mwavuli usiuache chumbani, utauhitaji wakati wa kurudi.